Fungua Dirisha Kwanza, Yasinta

Yasinta binti yangu,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia kuku wa njiani. Jua bado liko juu ya msitu. Nimeona nitumie nafasi hii kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu maneno haya hayatoki. Nimeshajaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama ndoo zina mifuniko. Mara ya pili nikakupa tochi.

Habari za kula vizuri, kusali, kuamka mapema na kumheshimu mwalimu mkuu, mama yako ameshakwambia zote, tena kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Sitazirudia. Mimi nataka tuongee habari ya nyumba.

Tangu urudi kutoka kuripoti shuleni kwako kule Sale na kutuonyesha kwenye simu picha za nyumba ya mwalimu uliyopewa, sijatulia. Ulizipitisha haraka huku unacheka: bati lililotoboka, ufa ukutani, mlango unaoburuza chini, halafu chumba cha kulala. Dirisha lake limepigiliwa ubao kwa ndani, na juu, pale ukuta unapokutana na paa, mtu amejaza saruji na matambara ili popo wasiingie. Ukasema, "Baba, usijali, nitaitengeneza mwenyewe. Si umenifundisha?" Mama yako akapiga makofi. Mimi nikatoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia ng'ombe.

Baadaye uliniuliza kama nimeudhika. Sikuudhika, mama. Ni kwamba chumba kile nilikitambua. Niliwahi kukitengeneza mimi, humu humu ndani ya nyumba yetu, wakati wewe una majuma matatu duniani.

Kwamba nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu unajua, kwa sababu nimelisema mbele ya kila mgeni. Nilikulia kwenye tembe la babu yako, udongo chini na udongo juu, ndama upande ule na sisi upande huu, na nilipooa niliapa mke wangu atalala chini ya bati. Nikafyatua tofali, nikazichoma, nikajifunza kupanga ukuta kwa kumtazama Mzee Gwandu. Wewe unamjua kama mzee wa fimbo anayekaa kiti cha mbele kanisani, lakini enzi hizo alikuwa mwashi wa kutegemewa kijiji kizima. Kila alipopita hapa alisimama kidogo akatazama. Siku moja akaniambia, "Kijana, hapo juu, kati ya ukuta na bati, hakikisha unaacha matundu."

Nikamjibu, "Mzee, huku ni Karatu, siyo Mang'ola kwenye joto. Nikiacha matundu tutaganda."

Akacheka, akaendelea na safari yake. Matundu nikayaacha, lakini kwa sababu tu saruji ilikuwa imeniishia.

Wewe ulizaliwa mwezi wa saba. Unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na hadi saa tano asubuhi humwoni ng'ombe aliyesimama uani kwako mwenyewe. Mama yako alikuwa ndani na wewe, mzazi wa mara ya kwanza, amejifunika mablanketi mawili na bado anatetemeka. Upepo ulipita kwenye yale matundu ukaja moja kwa moja kitandani. Nikajiambia, mimi siyo mwanamume wa kukaa na kusikitika. Nikatafuta saruji. Kwa siku mbili nilipanda ngazi nikiziba, tundu moja baada ya jingine, nikasokomeza magunia pale saruji ilipogoma kushika. Dirisha la chumba halikuwa likifunga vizuri, nikalipigilia ubao na kuweka karatasi ya nailoni juu yake. Nilipomaliza nilisimama katikati ya chumba nikanyoosha mkono hewani. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unywele. Nilijiona fundi, Yasinta. Sijawahi kuionea kazi yangu fahari kama siku ile.

Kesho yake asubuhi nikawasha jiko la mkaa, nikaliingiza chumbani ili mpate joto, nikatoka nje kuchanganya udongo wa banda la kuku. Nilikuwa napiga mluzi. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Baada ya muda Mzee Gwandu akapita, amebeba mwiko wake wa uashi kwenye mfuko. Akasimama kama kawaida yake.

"Mzazi anaendeleaje?"

"Amelala, mzee. Leo amepata joto."

"Na mtoto?"

"Kimya kabisa. Hajalia tangu asubuhi."

Akainua macho kutazama paa. Niliona macho yake yakitembea juu ya ukuta kutoka pembe moja hadi nyingine, taratibu. Nilidhani anaikagua kazi, nikasubiri sifa.

"Matundu yako wapi?"

"Nimeziba yote!"

"Jiko liko wapi?"

"Ndani."

Mfuko wake ulianguka chini. Mzee yule alikuwa ameshanipita kabla sijaelewa. Akausukuma mlango kwa bega, nikamfuata, na joto la mle ndani likanipiga usoni. Mama yako alikuwa amelala kifudifudi nusu kitandani nusu chini, kama aliyetaka kushuka akashindwa. Nilimwita hakuitika. Mzee Gwandu alikunyakua wewe akatoka nawe mbio, mimi nikamburuta mama yako kwa mabega hadi uani. Kichwa chako kilikuwa kinaning'inia kwenye mkono wa mzee. Hukulia. Alikuvua zile nguo zote tulizokuvisha, kwenye baridi ile, akawa anakusugua mgongo na kukuita, "Mtoto, mtoto, mtoto," maana hata jina hatukuwa tumemwambia bado.

Ulipolia, ulilia kwa sauti ndogo kama mlango unaohitaji mafuta. Mama yako akafumbua macho, akatapika, akauliza mtoto yuko wapi.

Gari la shamba la kahawa lilikuwa linapita barabarani limejaa vibarua wa Singida wanaokwenda kazini. Walipotuona walishuka wote bila kuambiwa, wakatuachia gari, wakaenda kwa miguu. Sikupata hata kuwashukuru. Hospitali mlikaa siku nne. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinieleza kwamba mkaa unapoungua kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na kwamba mtu huisikia kama usingizi tu. Halafu akaniuliza, "Nani aliifunga nyumba?"

"Ni mimi."

"Kaifungue."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mzee Gwandu na mtaimbo, ameshaanza. Tulibomoa pamoja hadi giza likaingia.

Hayo ndiyo ambayo hujawahi kuambiwa. Unajua tu kwamba ukiwa mchanga uliugua. Nilikuachia uamini ni homa ya mapafu.

Siku ulipotoka hospitali nilikusanya vifaa vyangu vyote, nyundo, msumeno, randa, pima maji, nikavitia kwenye sanduku la mbao nikavipeleka kwa Mzee Gwandu. Nikamwambia, "Kaa navyo. Mimi mikono yangu siyo ya kugusa nyumba." Alinitazama, akavipokea.

Nikaacha kweli. Bati lilipotoboka niliweka sufuria chini yake. Bawaba ilipokatika niliufunga mlango kwa kamba. Mama yako alivumilia mwaka wa kwanza na wa pili, halafu akaanza kukandika mwenyewe, na mimi nikimwona kwenye ngazi natoka naenda shambani. Watu walisema nimekuwa mvivu. Niliona bora waseme hivyo. Kumbe nyumba isiyoguswa nayo inaumiza watu wake, ila polepole. Ulikohoa masika mawili mfululizo kwa sababu ya ule ukuta uliolowa karibu na mto wako wa kulalia.

Halafu ukafika darasa la nne. Sijui kama unaikumbuka siku ile. Nilirudi kutoka kupalilia maharage nikakukuta umesimama juu ya pipa lililopinduliwa juu ya meza, mkono umefika kwenye bati, unaziba tundu kwa jojo. Ulikuwa na nyingine mdomoni unazitafuna kwa bidii ili ziwe tayari.

Nikasema, "Shuka!"

Ukasema, "Baba, nimehamisha kitanda mara tatu. Sehemu imeisha."

"Nimesema shuka, utaanguka."

"Basi panda wewe."

Nilikushusha. Nilikaa kwenye kitanda chako kilicholowa, na wewe ukakaa pembeni ukitafuna, ukiniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Jioni ile nikaenda kwa Mzee Gwandu. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, lakini nilipoingia uani kwake alinitazama usoni, akaingia ndani akatoka na sanduku. Nyundo ilikuwa na mpini mpya. Msumeno umepakwa mafuta, hakuna hata doa la kutu.

Akasema, "Ulisema nikae navyo. Hukusema vife."

Kesho yake akaja kunifundisha upya, safari hii nikiwa na masikio. Mengi unayoyajua wewe yalianzia siku hiyo, nawe ukiwa umeshika ngazi chini. Kwa hiyo niruhusu niyapitie yale niliyoyapata kwa kukosea tu, kabla hujapanda paa la watu.

Ukifika Sale, usianze na bati. Anza na lile dirisha. Ng'oa ubao siku hiyo hiyo, hata kabla hujatandika kitanda, kisha panda utoboe juu ya ukuta. Kama tatizo ni popo, ngoja watoke magharibi kwenda kula, uwawekee wavu wa chuma wenye macho madogo. Wavu unapitisha hewa, saruji haipitishi. Jiko la mkaa likae nje au jikoni penye uwazi, na hata ukisikia baridi ya namna gani, vaa sweta. Hili tu ndilo ninaloliamuru katika barua yote. Mengine utayapima mwenyewe.

Bati lile usiliguse kabla ya kuona mvua moja. Keti ndani inyeshe, chukua kipande cha mkaa, weka alama kila maji yanapodondokea. Utagundua kwamba tundu haliko juu ya alama. Maji huingia kwingine, yakatembea juu ya mbao, yakaangukia pale yanapochoka. Mimi nilishawahi kuziba sehemu ambayo haikuwa na kosa lolote, mara tatu, huku nikiitukana. Ukipigilia, msumari wa bati uingie kwenye mgongo wa bati, na kipira chake chini ya kichwa. Mimi nilipoezeka nyumba hii nilipigilia kwenye mabonde, kule maji yanakopita, kwa sababu nyundo inatua vizuri zaidi. Yale masufuria uliyokuwa unayaruka ukiwa mdogo, asili yake ni huko.

Ule ufa ulionionyesha, usiuzibe haraka. Chora mstari mdogo wa penseli pale unapoishia na uandike mwezi. Ukiona baada ya masika umebaki kwenye mstari, huo ni mkunjo tu wa uzee, piga lipu uendelee na maisha. Ukiona umeuvuka mstari, msingi unatembea. Hapo tafuta mwashi, wewe na mimi hatuuwezi. Na ukipiga lipu, loanisha kwanza ukuta, halafu uendelee kuunyunyizia maji siku kadhaa kama unavyomwagilia mche. Ukuta mkavu unakunywa maji ya saruji kabla haijashika, na lipu yote inabanduka kama ganda la yai.

Mlango. Hapa utanicheka. Masika fulani mlango wetu wa mbele ulivimba ukawa haufungi, nikachukua randa nikaupunguza hadi ukafunga vizuri kabisa. Kiangazi kilipofika ubao ukanywea, na paka wa jirani akawa anaingia bila kuusukuma. Kwa hiyo mlango wa Sale uutazame kiangazi kwanza. Pengine hata si mlango, ni bawaba zimelegea. Kaza skrubu kabla ya kushika msumeno, maana skrubu unaweza kuilegeza tena, lakini ubao uliokatwa haurudi.

Waya za umeme na zile za sola ya shule usiziguse. Najua unajua kubadilisha taa. Zima swichi kubwa, badilisha taa, ishia hapo. Sioni aibu kukwambia naogopa umeme. Ninaogopa vitu visivyoonekana, na sasa unajua kwa nini.

Na kuna hili ambalo halihusu saruji. Uliposema "nitaitengeneza mwenyewe," niliisikia sauti yangu ya ujana. Ni sauti nzuri, sitaki uipoteze. Kosa langu halikuwa kufanya mwenyewe. Kosa langu ni kwamba mtu anayejua alisimama kwenye uzio wangu akanipa neno, nikamjibu kwa mzaha ili anione mjanja. Huko Sale utawakuta watu walioishi na upepo ule, udongo ule na mchwa wale tangu wazaliwe. Mwulize mama jirani mvua hutoka upande gani. Mwulize mlinzi wa shule mchwa walikula nguzo ipi ya kwanza. Waulize hata kama wewe ndiye mwalimu. Mtu akikwambia, "Usifanye hivyo," muulize kwa nini, kisha nyamaza umsikilize hadi amalize.

Na ukikosea, maana utakosea, usipeleke nyundo yako kwa jirani kwa miaka tisa. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko yote niliyowahi kuifanya, na hakuna aliyenilazimisha. Kaa siku moja, huzunika, halafu rudi kwenye ngazi, na mtu aishike chini.

Nilikuwa nimefika hapa nikitaka kutia sahihi, mama yako akaingia kuniuliza naandika nini muda wote huu. Nikampa asome. Alisoma amesimama, mikono ina mafuta ya kuku. Alicheka kwenye habari ya paka. Halafu akarudi nyuma, akasoma tena pale kwenye jiko, akakaa chini.

Akasema, "Siyo hivyo."

"Siyo vipi?"

"Jiko hukuliingiza chumbani. Uliliweka mlangoni, ukaniambia, likae hapa kwenye upenyo. Mimi nilisikia baridi. Nililivuta hadi kitandani, nikaongeza mkaa, nikafunga mlango na kuweka kanga chini yake. Nilifunga mimi."

Sikumbuki, Yasinta. Nimefumba macho nikajaribu, sioni kitu zaidi ya ule mluzi. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Ulikuwa umeshajilaumu peke yako," akasema. "Nikaona nikisema, utanichukia. Halafu ukaacha vifaa, nikaona nikisema sasa, utaona ulijitesa bure. Halafu miaka ikapita. Kila nikikupa mtoto umbebe nilikuwa nataka kusema."

Tumekaa hapa kwa muda, kuku ameungua kidogo upande mmoja, utatusamehe. Tumelia, ndiyo, lakini siyo kwa ubaya. Nilimwambia kama ningeacha tundu hata moja, mlango wake usingedhuru mtu. Akaniambia kama angeacha mlango wazi, matundu niliyoyaziba yasingedhuru mtu. Tukabishana hivyo, kila mmoja anagombea kosa, hadi akaanza kucheka, nami nikacheka. Miaka ishirini na minne tumelala kitanda kimoja, kila mtu amegeukia ukuta wake na hatia ileile. Amesema nisifute chochote, nikuandikie yote kama yalivyo, ujue uliletwa duniani na watu wawili wasiojua, na bado ukakaa nasi.

Sasa nasikia sauti yako njiani na wenzako, mnaimba. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute ukishafika.

Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili tutakuja wote wawili, mama yako ameshachagua kanga ya safari. Tafadhali usimalize kila kitu. Tuachie ukuta mmoja.

Ni sisi wazazi wako,
Baba ndiye aliyeandika, Mama ndiye aliyesahihisha.